Barua ya wazi kwa wakuu wa usafiri wa bahari Lamu: abiria mnawahesabu, spidi nani anaihesabu?

Assalamu alaykum waheshimiwa.

Naandika kwenu nyote mlio na kauli juu ya boti zetu hapa Lamu, kuanzia wanaotoa leseni mpaka wale wanaosimama gatini na daftari, na sitaji ofisi ya mtu wala jina la mtu manake sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni wa hesabu. Hesabu yenyewe nusu mnaifanya vizuri sana, nusu ya pili inapita na maji kila siku na hakuna anaeikamata.

Nusu mnayoifanya ni ya uzito. Boti ikijaa mnaisimamisha, mnahesabu vichwa, mnauliza laifu jaketi ziko wapi, abiria wawili watatu wanateremshwa wananung'unika, alafu boti inaruhusiwa. Sipingi kabisa, boti iliyozidisha watu inapinduka na watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Lakini boti hio hio ikishaachana na gati kidogo tu nahodha anafungua injini yote, pua inapanda juu, na hapo hakuna wa kumuuliza kitu. Na akirudi anakuja hivyo hivyo mpaka karibu na ngazi ndo anakata, na pale karibu na ngazi ndo watoto wanapoogelea, ndo madau yamefungwa, ndo mtu anaosha punda wake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hivyo mtanisamehe nikianza na ubao kidogo, nitakuwa mfupi.

Kitu chochote kinachokwenda kimebeba nishati ya mwendo. Kuipata ni rahisi: chukua uzito wa kitu kwa kilo, zidisha kwa spidi ya mita kwa sekunde, zidisha kwa spidi hio tena, alafu gawa kwa mbili. Basi. Tazama hapo vizuri, uzito umeingia mara moja, spidi imeingia mara mbili. Ukiongeza uzito maradufu nishati inaongezeka maradufu, sawa, lakini ukiongeza spidi maradufu nishati inakuwa mara nne, na spidi ikiwa mara tatu nishati inakuwa mara tisa. Wanafunzi wangu wanaikariri hii wanapata maksi zao alafu wanatoka darasani wanapanda boti kurudi Manda au Matondoni na hawaioni mle ndani, na mimi siwalaumu manake wakubwa wao pia hawaioni.

Sasa tuichukue boti ya kawaida. Tuseme fiberglasi, injini, mafuta, watu na mizigo yao, vyote pamoja kilo 1,500. Ikienda noti 10, yaani kama kilomita 18 na nusu kwa saa, imebeba nishati ya mwendo kama juli 20,000, juli ndio kipimo cha nishati. Ikienda noti 20 inabeba karibu juli 80,000. Ikienda noti 30, na ziko zinazokwenda noti 30 msiniambie haziko, inafika kama juli 180,000. Boti ni ile ile, abiria ni wale wale, daftari lenu gatini limeandika hesabu ile ile ya watu.

Kama juli hazikwambii kitu ifikirie kama kuanguka. Kugonga kitu kigumu kwa noti 10 ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 1.35, mtu anaumia lakini mara nyingi anainuka. Noti 20 ni mita 5.4. Noti 30 ni mita 12, na hapo tunazungumzia kuanguka kutoka dari la juu kabisa la nyumba ya ghorofa tatu, na hakuna mtu hapa mjini anaeweza kupanda juu ya dari lile akaambiwa ruka usiogope umevaa laifu jaketi.

Na hii ndio sehemu nataka muisome polepole. Boti hio ya kilo 1,500 ikiwa noti 20, mkimkuta nahodha ameongeza watu watano, kila mtu kilo 70, mtamshusha na pengine mtamlipisha faini, manake ameongeza kilo 350. Haya. Sasa nahodha mwingine hajaongeza hata mtoto mchanga, ila amesukuma mkono wa injini kutoka noti 20 hadi noti 22 na kidogo, kitu ambacho ata wewe ulie ndani ya boti hutakisikia. Nishati imeongezeka sawasawa na ya yule wa kwanza. Yaani amepakia watu watano ambao hawaonekani. Akifika noti 25 amepakia 12. Akifika noti 30 amepakia 26 na ushee, na hao hawakulipa nauli, hawana jaketi, hawamo kwenye daftari, lakini siku boti ikigonga mwamba au gati au dau la mtu, wote 26 watashuka pamoja na nyinyi.

Najua kuna mtu atasema haya ni ya vitabuni. Mzee mmoja nahodha aliniuliza swali zuri kuliko wanafunzi wangu wengi, akasema mwalimu, kwa nini iwe mara nne, kwa nini isiwe mara mbili tu, spidi si imeongezeka mara mbili? Nikamwambia hebu fikiria unasimamisha chombo. Chukulia kitu kinachokizuia kinakizuia kwa nguvu ile ile wakati wote. Kama spidi ni maradufu utahitaji muda maradufu mpaka kisimame, hapo sawa? Sawa. Lakini ndani ya huo muda maradufu chombo nacho kinakwenda kwa wastani wa spidi maradufu, kwa hivyo masafa kitakayokata kabla ya kusimama ni mbili mara mbili, nne. Akanyamaza kidogo akasema kumbe ndio maana vijana wanaligonga gati wakidhani wamekata mapema. Ndio mzee, ndio maana hasa. Wamezoea kusimama kwa spidi moja, wakaongeza spidi, wakaongeza na masafa ya kukata lakini kwa kipimo kile kile cha spidi, na nguvu ya kuzuia ikiwa ile ile, masafa hayafuati spidi, yanafuata mraba wa spidi.

Na hili si jambo jipya, watu walibishana nalo Ulaya miaka mingi. Mjerumani Leibniz, mwanahisabati, alishasema mwaka 1686 kwamba kinachopimwa ni uzito mara spidi mara spidi, wengine wakashikilia kuwa ni spidi mara moja tu. Mholanzi mmoja, Willem 's Gravesande, mwaka 1722 hivi akachukua vigololi vya shaba akawa anaviangusha kwenye udongo laini wa mfinyanzi. Kigololi kikiangushwa kutoka juu mara nne zaidi kinafika chini na spidi maradufu tu, lakini shimo kinachochimba linakuwa kubwa mara nne. Mfaransa Émilie du Châtelet akalichukua jambo hilo akalieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1740, na ile "gawa kwa mbili" ikaja kuwekwa sawa karne iliyofuata na Mfaransa mwingine, Coriolis. Matope hapa kwetu hayajaisha, maji yakipwa nitawaletea gololi mjaribu wenyewe, na nasema kweli, si mzaha.

Turudi kwenye laifu jaketi manake naona ndo imekuwa jibu la kila kitu. Laifu jaketi kazi yake ni kukuelesha usizame. Haipunguzi juli hata moja. Mtu wa kilo 70 ndani ya boti ya noti 20 na yeye anakwenda noti 20, ana juli zake mwenyewe kama 3,700, na boti ikisimama ghafla yeye bado anakwenda mpaka akutane na kitu, kiti, ukingo wa boti, kichwa cha jirani yake. Hizo juli lazima zitoke, na zinavyotoka inategemea amesimamishwa ndani ya masafa gani. Akisimamishwa ndani ya mita nzima nguvu inayompiga ni kama uzito wa kilo 380. Akisimamishwa ndani ya sentimita kumi, na ubao wa kiti haukupi zaidi ya hapo, ni karibu tani nne. Boti ingekuwa noti 10 pigo hilo hilo lingekuwa kama tani moja kasoro. Bado ni pigo baya, lakini kati ya tani moja na tani nne ndo kuna tofauti ya kuvunjika mbavu na kuzikwa.

Kuna na jambo la mkondo, na hapa nitawapa haki yao manahodha wazee ambao wanajua bila kuandika. Boti haina breki. Ukikata injini kinachokusimamisha ni maji, na maji yenyewe yanakwenda. Siku za bamvua mkondo unavyovuta kwenye mlango wetu kila mtu anajua. Tuseme ni noti 3. Nahodha anaendesha noti 20 kwa maji, akiwa anakwenda na mkondo basi kwa gati yeye ni noti 23, akiwa anakwenda kinyume na mkondo ni noti 17, na yeye mwenyewe mkononi haoni tofauti, injini inalia vile vile. Lakini gati halijali maji, gati limesimama, na nishati atakayoligonga nayo akija na mkondo ni karibu maradufu ya ile angekuja nayo kinyume chake, 529 kwa 289 ukipiga mraba. Ndio maana mzee anazunguka kwanza, anaelekeza pua kwenye mkondo, alafu anajongea taratibu. Vijana wengine siku hizi wanaingia moja kwa moja kwa sababu abiria wa ndege ana haraka. Hilo mngeweza kuliweka sharti la leseni na lisiwagharimu shilingi.

Sasa naomba mnisikilize na hapa, manake kuna amri moja rahisi ambayo ikitoka itaharibu. Msiseme tu "punguzeni spidi" mkaishia hapo. Boti za injini zikikimbia zinapanda juu ya maji, zinateleza. Zikienda polepole kabisa zinakaa ndani ya maji kama dau. Kati ya hizo hali mbili kuna mahali pabaya, boti imepunguza nusu, matako yamezama pua iko juu, na hapo ndipo inapotengeneza wimbi kubwa kuliko ata ikiwa inakimbia. Manahodha wanalijua, ndo wanawaambia "tukipunguza ndo tunaharibu" na wengine wenu mnadhani ni visingizio. Si visingizio. Ila dawa yake si kuwaachia wakimbie, dawa ni kushuka mpaka chini kabisa, noti 5 hivi, spidi ya mtu anaekimbia pole, ambapo boti inakaa na wimbi linakuwa dogo. Na wimbi nalo ni mraba vile vile, nishati yake inafuata mraba wa kimo chake, wimbi la sentimita 40 lina nishati mara nne ya lile la sentimita 20, na linalopigwa ni madau yaliyofungwa, ngazi za gati, na ukuta wa mbele wa mji ambao tangu 2001 dunia nzima imeambiwa na UNESCO kwamba ni urithi wake. Watalii wanakuja kupiga picha mji, boti iliyowaleta inautafuna mji.

Mtaniambia watu watachelewa. Nimepiga hesabu. Chukua mita 300 za mwisho kabla ya gati. Kwa noti 20 unazimaliza kwa sekunde 29. Kwa noti 5 ni sekunde 117. Tofauti ni dakika moja na nusu. Ukiweka na upande wa pili, Shela au Manda au Mokowe, ni dakika tatu. Mtu anaekwambia hana dakika tatu muangalie vizuri akishuka, atakaa gatini nusu saa anapiga soga.

Lakini nisiwe mnafiki, nahodha hakimbii kwa sababu anapenda. Anakimbia kwa sababu analipwa kwa safari, akirudi mapema anapata foleni ya mapema, na petroli bei yake mnaijua. Mwenye boti amekaa nyumbani anahesabu safari. Ndege ya Manda haimngoji mtu na mtalii ametoka hoteli akiwa amechelewa tayari alafu anamwambia nahodha fasta fasta. Kwa hivyo mkimkamata nahodha peke yake mmemkamata aliye karibu tu. Foleni ikipangwa vizuri, kwamba ukiwahi kurudi hupati kumruka mwenzako, haraka nyingi itakufa yenyewe. Na hoteli ziambiwe zitoe wageni wao mapema, hilo ata barua hailihitaji, simu tu.

Jambo jingine linaloniuma. Ukivuka Mokowe ukapanda basi la Malindi au Mombasa, basi lile sheria inalifunga lisipite kilomita 80 kwa saa, na tangu sheria za Michuki, waziri wa usafiri wakati ule, za 2004 gari la abiria latakiwa kuwa na spidi gavana, kile kifaa cha kulizuia lisizidi spidi. Watu walilia wakati ule, wakasema biashara itakufa, biashara haikufa. Ndani ya mji gari lina kilomita 50. Sasa mtu yule yule, na begi lile lile, akiteremka upande wetu akaingia botini, kama kuna sheria ya spidi inamlinda basi imejificha kwenye makaratasi, huku majini haionekani. Noti 30 ni kama kilomita 55 kwa saa. Yaani boti inapita kati ya watoto wanaoogelea kwa spidi ambayo gari lenye breki halikubaliwi mbele ya duka la Mokowe, na boti haina breki, nimeshasema, narudia.

Na usiku ndo usiseme. Boti mbili zinakuja kwenye mkondo mwembamba wa Mkanda kila moja noti 20, zinakaribiana kwa noti 40, yaani zaidi ya mita 20 kila sekunde. Ukimuona mwenzako mita 100 mbele, kama una taa nzuri na yeye ana taa, una sekunde tano hazifiki. Ndani ya hizo uone, uelewe, uamue kulia au kushoto, na uombe na yeye aamue sawa. Mkienda noti 10 kila mmoja una karibu sekunde kumi, na kama mmegongana nishati iliyopo ni robo.

Ninachoomba basi. Boya. Boya za rangi mita 300 kutoka gati la Lamu, na nyingine mbele ya ufuo wa Shela wanapoogelea watu, na Manda na Mokowe, na zikiwekwa kila mtu ajue ndani ya boya ni noti 5, hakuna mjadala, awe ni boti ya abiria, ya hoteli, ya mkubwa au ya serikali. Narudia ya serikali, manake na hizo tunaziona zikipita. Kupima hakuhitaji mashine ya mamilioni, simu ya mkononi ina jipiesi na inaonyesha spidi, askari mmoja apande kama abiria aweke simu mapajani amemaliza. Mkitaka ushahidi kabla ya kuamua nitafuteni, nina wanafunzi wa kidato cha tatu wanaoweza kukaa kwenye ukuta wa mbele na saa na alama mbili wakawapimia kila boti inayopita asubuhi nzima, na itakuwa darasa zuri kwao kuliko mimi na chaki.

Ile kamba ya kuzimia injini nayo, ile nyekundu inayotakiwa kufungwa kwenye mkono wa nahodha, muiangalie mnapoangalia jaketi. Nahodha akianguka kamba inazima injini. Isipofungwa boti inaendelea na juli zake zote na propela inazunguka na hakuna mtu usukani, na mara nyingi inapiga duara inarudi pale pale alipoanguka mtu. Nimeona kamba hizo zimefungwa kwenye injini yenyewe zikining'inia kama pambo.

Na leseni ya nahodha iwe na swali moja la mdomo, si la kuandika, wengi wao ni mafundi wakubwa na kalamu si kazi yao: ukitoka noti 10 ukaenda noti 20 utaligonga gati kwa nishati mara ngapi? Anaejibu mbili asipewe mpaka arudi. Nitawafundisha bure, baada ya alasiri, pale pale gatini.

La boya ndo nataka mlijibu kwanza, manake halingoji bajeti. Mtungi wa plastiki, rangi, kamba, jiwe zito la nanga. Vijana wavuvi watazitengeneza kwa siku moja mkiwapa ruhusa ya kuziweka, na ruhusa hio mnayo nyinyi. Kabla ya kusi kuanza ingekuwa vizuri, bahari ikichafuka kuziweka itakuwa kazi.

Wenu,
Mwalimu wa fizikia, Langoni, Lamu